Dari ya Baba

Muuzaji amezipanga tatu juu ya kioo:
moja kama kopo la kahawa, moja kama kitabu kinene,
moja ya duara, yenye mguu unaoinama.
Nje, tramu inakwaruza reli za barabara ya Kościuszki.
"Hii ina lumeni mia nne," anasema,
"ile mia saba, ila betri yake saa moja na nusu, basi."
Kifuani ameandikwa Tymon. Hajafika ishirini na mbili, nadhani.
Anauliza ukuta wangu ni mweupe au una rangi,
na kutoka kwenye kochi ni hatua ngapi.

Sina ukuta, namwambia. Nina dari.

Ananyamaza. Mungu ambariki, haulizi.
Anaichukua ile ya duara, anaiinamisha nyuma
mpaka jicho lake linatazama juu,
na kati ya taa za duka na bomba la kuzimia moto
pweza anafunguka kama mwavuli.
"Hii haitaki simu, haitaki kisanduku cha pembeni.
Filamu zimo humo humo, wewe lete intaneti tu."

Nauliza lisiloandikwa kwenye kibandiko:
feni yake inalia vipi?
Anazima redio ya duka. Tunainama wawili,
masikio karibu kugusana,
kama watu wanaohakikisha mtoto amelala.
Kopo la kahawa linakoroma.
Kitabu kinapiga mluzi.
Ya duara inapumua tu.
Baba ana mashine moja tayari, ya kumsaidia pumzi usiku;
sitaki nyingine ije kugombana nayo.

Zloti elfu moja mia nane na tisini.
Nilikuja na nia ya elfu na mia mbili.
Mkono unatoa kadi kabla akili haijamaliza kutoa.

Baba yangu, Zenon Wrzosek, alipiga lipu miaka arobaini na mmoja.
Dari za nusu ya Bałuty zimepita mkononi mwake,
shingo kaikunja nyuma, chokaa kwenye kope.
Mungu naye ana mizaha yake:
tangu Februari kiharusi kimemlaza chali
atazame kazi ya mwingine.

Ghorofa ya nne, lifti imekufa tena.
Naiweka kwenye meza ya dawa,
neno la siri naliandika kwa rimoti, herufi baada ya herufi,
nakosea mara tatu, natukana kimoyomoyo.
Picha inajinyoosha yenyewe, kama kijana alivyoahidi.
Ni Jumapili, wanaruka kwa skii.
Mrukaji anateleza kwenye dari yetu, anajiachia,
na kwa kuwa nimeiweka mashine kinyume
anaangukia juu, kuelekea kwenye taa.
Nangoja Baba acheke.

Hamtazami mrukaji.
Kidole cha mkono mzima kinachomoza kwenye blanketi.
"Mawimbi," anasema. Neno la kwanza tangu Alhamisi.
"Ona. Hapo. Na hapo."
Kweli: mwanga unaikwangua lipu kimshazari
na kila bonde la uzembe limeota kivuli.
"Huyu... alitumia mwiko... au kijiko?"

Nazima skii. Nachakura kwenye menyu
mpaka napata ukurasa mweupe, mtupu.
Filamu sijui elfu ngapi, nimezilipia mwezi mzima,
nasi tunatazama dari.
Ananionyesha palipokauka kabla ya wakati,
palipoparazwa haraka, pengine Ijumaa, pengine fundi ana kiu,
na kiganja kimoja, juu ya kabati,
palipotulia kama maziwa bakulini.
"Hapo," anasema, "mtu alijua."

Betri inaonya: asilimia kumi.
"Usizime. Bado pembe ya dirishani."

Naenda kutafuta waya.